Mlango wa Daraja la Kwanza

Choo chetu kina mlango wa treni. Watu hawaamini mpaka waje wenyewe, na wakija huwa wamebanwa, hivyo hawapati nafasi ya kuuangalia vizuri.

Ni mlango wa choo cha behewa la daraja la kwanza. Mbao zake ni nyekundu, nzito, na juu kuna namba 1 ya shaba. Chini ya mkono wake, shaba pia, kuna kidirisha kidogo kama jicho la kuku. Ukiwa nje unasoma Libre, yaani wazi, kwa kijani. Aliye ndani akizungusha komeo, jicho linageuka jekundu: Occupé, kuna mtu. Marehemu mume wangu Liévin alikuwa seremala wa mabehewa miaka thelathini na mmoja. Siku ya kustaafu, wazee waliambiwa kila mmoja achague ukumbusho kwenye vitu vya kutupwa. Wenzake walichukua saa, taa, kengele. Yeye alichukua mlango wa choo. Aliubeba kichwani toka stesheni mpaka hapa mtaani kwetu Kamalondo, watoto wakimfuata na kumpigia makofi.

Wengine wanajenga choo, kisha wanatafuta mlango. Liévin alikuwa na mlango, akautafutia choo. Alichimba mita tisa. Akajenga kwa matofali ya kuchoma, akapaka chokaa, akatia kifuniko chenye mkono ili inzi wasipande. Ndani, mkono wa kuume ukiwa umechuchumaa, akaweka kibao cha kuwekea kiko chake na gazeti. Kila Jumamosi mimi ninamwaga majivu shimoni na kusugua ile shaba kwa ndimu mpaka ninajiona pua.

Choo kina sheria moja: hakigongwi. Ukigonga unamharakisha mtu, na mambo yale hayataki haraka. Unasimama hatua tatu, unakohoa. Aliye ndani naye anakohoa. Jicho linaweza kukwama kwenye jekundu hata ndani hakuna mtu, lakini kikohozi hakikwami. Na kila mtu ana chake. Cha Liévin kilikuwa mara mbili kifupi, mara moja kirefu, kama gari moshi likiaga stesheni.

Basi hicho ndicho choo ambacho Alexis alitaka kukivunja.

Alexis ni kitinda mimba wangu. Anafanya kazi kwenye nyumba ya utamaduni kule Golf, mtaa wa matajiri, villa kubwa yenye mbwa watatu, na tangu wampe cheo cha kusimamia programu anavaa viatu bila soksi. Mwezi wa sita alikuja na karatasi yenye picha.

"Mama, hii choo iko inanipatisha haya."

"Haya ya nini? Mulikomalia mule wote saba, tangu mulikuwa badogo."

"Bantu ba Golf bakikuya hapa, batasema nini?"

"Bale ba Golf, bo habaendake ku choo?"

"Banaendaka ku W.C., Mama! Ya kukaa. Ya kuvuta maji." Akanionyesha picha. Vigae vya bluu.

"Maji gani? Ile inakuyaka mara mbili mu juma?"

Alikunja karatasi yake. Alisema Dédé, mwashi wa avenyu yetu, atavunja, na W.C. itasimama palepale, kwa sababu hakuna fasi nyingine mu lupango, yaani uani kwetu. Fasi ipo, nyuma ya banda la kuku, lakini Alexis anaogopa jogoo.

Sikubishana. Mimi ninajua kungoja; Liévin alinichumbia miaka tisa. Mtu anayejua kungoja anaomba siku tu.

"Sawa, vunja," nikamwambia. "Lakini mugeni yako akishaenda. Hauwezi pokea mugeni na shimo wazi mu lupango, akaingia mule na valizi yake ya nguo."

Mgeni mwenyewe alikuwa mshairi. Wale wa Golf wanaita "residansi": mshairi anatoka mbali, anapewa kitanda na chakula wiki tatu, anatembezwa mahali sita pa mji, kila mahali anapaandikia shairi, na Jumamosi ya mwisho anayasoma mbele ya wakubwa. Chumba cha wageni cha villa kilikuwa kinabadilishwa dari, ndiyo maana Alexis alimleta kwangu. Tukapatana: mshairi anasoma Jumamosi, Dédé anavunja Jumatatu.

Alifika mwezi wa saba, ile baridi yetu ya vumbi, amevaa sweta mbili. Jina lake Idriss, wa Tanga, mwembamba, miwani minene, na birika la plastiki la kijani mkononi, maana ni Mwislamu na alisikia huku maji ni ya kubahatisha. Akainama.

"Shikamoo, bibi."

Jirani yangu Ramla, mama wa watu wa Maniema anayekaanga mikate pale mlangoni, aliangusha mwiko. Huku kwetu bibi ni mke.

"Mama Alexis! Unapata bwana ya Tanga! Na mi mwenye niko namuomba Mungu miaka kumi!"

"Funga kinywa, mikate inaungua," nikamwambia. Lakini toka siku ile nilimwita bwana yangu, naye akazoea. Kwetu kambo, yaani nyanya, humwita hivyo mjukuu yeyote wa kiume.

Kila asubuhi dereva wa Golf alimchukua, jioni alirudi na daftari karibu tupu. Siku ya kwanza alipelekwa kwenye shemine, lile bomba la moshi na mlima wake mweusi wa takataka za shaba, ambalo liko kwenye kila kalenda ya mji. Akaandika. Mkubwa wa villa, Madamu Estelle, akamwambia kwa upole, "Mashairi ya shemine tuko nayo kumi na moja tayari." Siku nyingine alitembezwa Golf. Aliona kuta. "Nyuma ya kuta kuna nini, bibi?" akaniuliza. Nikamwambia kuna kuta nyingine. Wakampeleka Kinsevere kwenye mgodi wa shaba. Alifika kwenye kizuizi. Mlinzi akamwuliza anataka nini, akajibu mashairi, mlinzi akamwuliza hayo mashairi ni ya kampuni gani. Akarudi na vumbi mpaka ndani ya masikio, na ubeti mmoja juu ya vumbi, ambao aliufuta.

Na nyumbani nako hakukuwa na utulivu. Mbele yetu kuna mashine ya kusaga mahindi. Nyuma kuna hema la maombi ambalo Mungu wake, nadhani, ni kiziwi. Pembeni Fils, mpangaji wangu mwenye teksi, hawezi kufungua boneti bila muziki.

"Bibi, mashairi yetu tunayahesabu silabi," Idriss alinieleza, akinionyesha vidole. "Nane huku, nane huku. Nikifika sita, mtu anapiga honi."

"Hesabu mu roho, bwana yangu."

"Nahesabu humo humo. Honi inaingia."

Wiki ya pili ikaisha hivyo. Alikonda akawa kama sindano ya magunia. Na mimi nilikonda kwa sababu yangu. Kila siku iliyopita ilinisogezea Jumatatu ya Dédé.

Jumatano ya wiki ya tatu, saa mbili asubuhi, Idriss aliingia chooni na birika lake. Nilikuwa ninachambua sombe, majani ya muhogo, kwenye kiti changu, nilimwona. Jicho likawa jekundu. Nilichambua fungu la kwanza. Nilichambua la pili. Ramla akaja na kopo lake, akasimama hatua tatu, akakohoa.

Kimya.

"Iko nani mule?"

"Mugeni."

Akakohoa tena. Kimya. Akaja Fils na mikono ya grisi, anatembea magoti yamegusana.

"Ni nani?"

"Bwana ya Mama Alexis."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili."

"Sasa ni saa ine! Anakufa?"

"Kohoa, tuone."

Fils akakohoa kama injini yake. Kimya. Akaja Dédé mwashi, na utepe wa kupimia, maana alitaka kujua matofali mangapi yatatoka. Akapima ukuta wa nje, akaandika kwenye kiganja, kisha naye akakumbuka ana tumbo, akaingia kwenye mstari.

"Kambo," akaniambia kwa sauti yake ya kuita kwenye ghorofa, "lundi, Jumatatu asubuhi, tunavunja, eh? Alexis anasema mulango tutautupa fasi gani?"

"Kwanza umutoshe inje mwenye kuwa ndani," Ramla akamwambia.

"Anafanya nini?"

"Anaandika shairi."

"Masaa mbili? Ile haiko shairi, anazala!"

"Basi ni mapacha," akasema Fils, macho yamemtoka. "Kambo, nakuomba, gonga!"

"Hakigongwi."

"Kambo, mi niko nakufa!"

"Kufa polepole. Hakigongwi."

Nilinyanyuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikakohoa mimi mwenyewe, kikohozi cha mwenye nyumba. Ndipo tukasikia, taratibu, kikohozi cha mtu aliyesahau kwamba ana koo. Halafu sauti: "Silabi nne tu, bibi. Nne tu zimebaki."

"Zinye mara moja!" Fils alilia.

Jicho likawa kijani. Idriss akatoka, nywele zina chokaa, miguu imekufa ganzi, akashika ukuta. Fils alimpita kama risasi. Na yule mtu alikuwa anacheka! Wiki mbili sikuwahi kuona meno yake.

"Bibi, humo ndani hakuna honi. Kuta nene, kibao kipo, hakuna anayeniuliza nimefika wapi. Mahali pa sita nimepapata. Na pa kwanza, na pa pili."

"Unalipa faini," akasema Ramla. "Usome tusikie, ama nakumwangia hii maji."

Akasoma palepale, mbele ya watu waliobanwa, na kibwagizo walikidaka kabla hajakimaliza:

Nimezuru miji mingi, na majumba ya fahari,
Nimelala vyumba vingi, na hoteli za bandari,
Kelele zikawa nyingi, nikakosa kufikiri,
Nimo ndani, ningojeni, safari haijaisha.

Gari lisilo na reli, wala moshi kuutoa,
Nauli yake si mali, nauli ni kukohoa,
Hata aje jenerali, mkanda atachomoa,
Nimo ndani, ningojeni, safari haijaisha.

Fundi aliyeuchonga, amelala kaburini,
Nyundo wanataka gonga, wavunje yake thamani,
Na mimi ninawapinga, sitoki humu chooni,
Nimo ndani, ningojeni, safari haijaisha.

Ramla alicheka akakaa chini. Dédé hakucheka. Aliomba ubeti wa tatu urudiwe, akaukunja utepe wake polepole, akaangalia kiganja kilichoandikwa matofali.

"Kambo, mi niko fundi tu," akasema. "Mutoto yako njo anasema vunja."

Mji huu hauna siri. Saa sita Alexis alinipigia simu.

"Mama! Ni kweli anaandika juu ya choo yetu?"

"Beti tatu."

"Mama, asisome ile kule! Gavana anatuma muntu! Madamu Estelle atanifukuza!"

"Mwambie ye mwenye. Mi niko na sombe ku moto."

Jumamosi nilivaa kitenge changu cha Mtakatifu Yosefu, nikapakiwa garini kwenda Golf. Viti arobaini. Wasichana walipita na vitu vidogo vilivyochomwa vijiti. Nilikula tisa, sikufahamu hata kimoja. Mbwa walikuwa wamefungiwa lakini walichangia maoni yao. Alexis alimvuta Idriss pembeni, karibu na kiti changu, jasho limemtoka kwenye baridi ile.

"Yaya Idriss, kaka yangu, tafazali. Soma ya shemine."

Idriss akanigeukia. "Bibi, nisome lipi?"

Alexis akaniangalia. Ni mwanangu, nimemzaa kwa taabu, kichwa kikubwa. Lakini na Liévin nimemzika mimi.

"Soma ile yenye unapenda, bwana yangu. Mi nakwambia tu: shemine, hakuna mwenye kuivunja lundi."

Akasoma la choo.

Ubeti wa kwanza waliangaliana, hawajui wako wapi. Wa pili, penye jenerali na mkanda, mzee mmoja wa mstari wa mbele alipiga paja lake, na mke wake akamfinya, kisha akacheka yeye. Wa tatu, viti arobaini vilikuwa vinasema pamoja, nimo ndani, ningojeni, na yule mtu wa gavana alisema kwa sauti kuliko wote. Madamu Estelle alisimama. Ni mwanamke mrefu, mikufu mitatu, hacheki ovyo.

"Huu mulango uko kweli?"

Na mwanangu, yule wa haya, ambaye dakika mbili nyuma alikuwa amejificha nyuma ya pazia, akatoka mbele akipiga kifua.

"Uko kwetu, Madamu! Ni baba yangu aliuleta! Daraja ya kwanza!"

"Lakini hii ni patrimoine! Ni mali ya mji! Tuuweke hapa, mu salon, na taa juu yake."

"Lundi, Madamu! Dédé akishavunja choo, nitakuletea mi mwenye!"

Wakapiga makofi. Nilikaa na kijiti mkononi. Nilikuja kuokoa choo, sasa hata mlango unaondoka. Idriss aliniangalia kama mtu aliyempa rafiki dawa, kumbe ni sumu.

Nikangoja makofi yaishe. "Madamu," nikasema, "hauwezi chukua mulango bila kuuona. Kuya lundi asubuhi. Utakunywa munkoyo kwangu."

"Munkoyo!" akasema, na uso wake ukawa wa mtoto. "Mama, tangu nilikuwa mudogo sijakunywa munkoyo ya kweli."

Nilijua hivyo. Golf nzima wanakunywa vitu vya chupa.

Jumapili baada ya misa nilipika uji wa mahindi kwenye sufuria kubwa, nikaponda mizizi ya munkoyo, nikaitia uji ukiwa vuguvugu, nikafunika. Kesho yake ulikuwa umelegea kuwa maji, mtamu, na uchachu mdogo mwishoni. Munkoyo ni kinywaji kizuri. Haulevyi. Lakini unateremka.

Jumatatu saa tatu Dédé alikuwa amekaa juu ya mfuko wake wa nyundo. Madamu Estelle akaja na dereva, Alexis akitangulia kufukuza kuku. Aliuangalia mlango, akagusa namba, akajiona pua kwenye shaba. "Ni mzuri, mzuri," akasema. Nikampa kiti na kikombe cha nusu lita. Akanywa, akafunga macho. Nikajaza. Nikamweleza jinsi Liévin alivyoubeba kichwani, pole pole, kila kona ya barabara. Nikajaza cha tatu. Nikaanza kumweleza habari za shimo, mita kwa mita. Mita ya sita akakunja miguu.

"Mama... toilette iko wapi?"

Alexis aliruka. "Madamu, twende Golf! Ni dakika makumi tatu tu!"

Madamu Estelle alimwangalia jinsi mwanamke anavyomwangalia mwanaume asiyejua maisha. Akageuka kwenye mlango. Libre. Akaingia. Mkufu uligonga shaba, komeo likazunguka. Occupé.

Tukangoja. Dédé alinywa kikombe. Idriss alinywa kikombe. Alexis alitembea toka kuku mpaka lango, toka lango mpaka kuku. Robo saa. Nusu saa.

"Mama, gonga."

"Hakigongwi."

"Kambo," akasema Dédé, "mi siwezi vunja choo na Madamu ndani."

"Njo vile," nikamkubalia. "Kunywa."

Idriss akaenda hatua tatu, akakohoa, kwa heshima, kikohozi cha Tanga. Toka ndani kikajibu kikohozi chembamba, cha mikufu. Hakuna aliyemfundisha. Labda alikumbuka shairi.

Alipotoka alikuwa na lile gazeti la zamani la Liévin mkononi, bado analisoma.

"Alexis," akasema, "miaka kumi na mbili sijakaa fasi moja nusu saa bila muntu kuniletea karatasi ya kusinya jina. Kwangu niko na toilettes ine. Zote, bananifuata mupaka ku mulango." Akalirudisha gazeti kwenye kibao mwenyewe. "Ukiutosha huu mulango hapa, ukaupeleka Golf, ni ubao tu. Usiuguse. Na weye, fundi, kwenda kwako."

"Madamu, na W.C.?" akauliza Alexis, karibu alie.

"Jenga nyuma ya kuku," nikasema mimi.

Akajenga nyuma ya kuku. Dédé alifanya kazi nzuri, vigae vya bluu, kiti cheupe kama jino. Siku tano kwa juma maji hayapo, na siku mbili zile jogoo analala juu ya tangi na hataki mtu. Idriss alirudi Tanga na munkoyo kwenye chupa tatu. Nasikia ya kwanza ilipasuka kwenye ndege. Madamu Estelle anakuja kila Alhamisi, anasema anakuja kunisalimia.

Jumapili iliyopita niliamka mapema, nimeshavaa kwa misa ya saa moja, nikachukua kopo langu, nikakuta jekundu. Nikasimama hatua tatu, nikakohoa.

Kikajibu. Mara mbili kifupi, mara moja kirefu.

Kopo likamwagika kwenye viatu vya kanisa. Nikakohoa tena, kusudi tu. Kikajibu vilevile, kile cha kuaga stesheni. Nikaenda nikakaa kwenye kiti changu, nikangoja. Kengele ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Watu wakapita kwenda, nikawasalimia. Watu wakapita kurudi, nikawasalimia.

Alexis alitoka na gazeti kwapani, anafunga mkanda, miguu imekufa ganzi.

"Mama, bado hauendi? Misa ni saa ngapi?"

"Ilishaka isha," nikamwambia. "Pisha."